Godoro Nusu kutoka Temeke hadi Kimara

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi Jumamosi, kila anayepita barazani kwangu anataka habari ya Kawe, na kila mmoja ananikatiza katikati kwa sababu ameshasikia kipande chake kutoka kwa mwingine. Wapo wanaosema nilikufa. Wapo wanaosema nilioshwa kabisa, maji yakawa ya baridi, ndiyo nikaamka. Mwenye duka la mafuta ya taa ameniuliza mbele za watu huko ahera kukoje. Basi nimechukua daftari na kalamu, naandika mara moja tu, mpokezane wenyewe.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Mimi ni karani wa vipimo. Mshika mnyororo akipima ardhi anapiga kelele namba, na mimi naiandika. Bwana Mpima, yule Mwingereza wetu, anakwenda Lindi miezi sita na anataka karani mmoja wa kufuatana naye. Kazi ile niliitaka mpaka nikawa naiota, siku ninazopata usingizi wa kuotea. Maana hapo ndipo palipo na shida yangu: silali nje ya kitanda changu. Mara ya mwisho tulipokwenda porini nilikesha siku tatu, na siku ya nne Kondo, mshika mnyororo wetu, aliposema kumi na tatu, mimi nikaandika thelathini. Jiwe la mpaka likaenda kuchimbiwa katikati ya jiko la mama wa watu, na ugali ukiwa motoni.

Bwana Mpima hakunifukuza. Alisema nitajaribiwa. Tutazunguka nje ya mji tukipima, kutoka Temeke mpaka Kimara, tukilala nje siku nne. Kila mtu abebe malazi yake mgongoni, na Kimara yatapimwa kwenye mizani: yasizidi ratili kumi na tano, kwa sababu huko Lindi hakuna wapagazi wa kubeba magodoro ya makarani. Na daftari langu lisiwe na kosa hata moja. Nikishindwa, narudi stoo kuhesabu vigingi. Yeye mwenyewe ana kitanda cha kukunja na watu wawili wa kukikunja, lakini hilo hakulitaja, nami sikumkumbusha.

Temeke: kuchagua malazi

Siku mbili nzima nyumba yangu haikupitika. Nilitandaza sakafuni kila kitu kinacholaliwa, nikawa navizunguka huku nimeshika kidevu. Kitanda cha kamba nilikitoa mapema, ingawa kwa masikitiko. Nikabaki na godoro letu la makumbi ya nazi, zito kama mgonjwa. Nikalilalia, nikageuka, nikafikiri. Nikagundua kwamba mtu akilala pabaya, kinacholalamika ni bega na nyonga. Miguu haijawahi kulalamika. Nikachukua kisu cha samaki, nikalikata godoro katikati.

Mke wangu aliingia wakati makumbi yanaruka chumba kizima.

"Baba Monika! Hilo si godoro la wageni?"

"Watalala nusu, mama. Nusu ya juu ndiyo muhimu."

Alikaa mlangoni akacheka mpaka akashika ubavu. Na mnamfahamu, akishacheka amekubali. Akanishonea mto wa sufi, mdogo, na ua jekundu pembeni. Halafu nikamweleza hekima yangu kubwa kuliko zote. Shuka usiku humkimbia mtu, si kweli? Unalala nayo, unaamka inakaa peke yake kule. Nikamwomba ashone shuka ya marekani mpya nyeupe iwe mfuko mrefu, imezibwa chini na ubavuni, na juu ipitishwe kamba ya kuvuta. Mtu anaingia miguu kwanza, anavuta kamba, anabaki na tundu la pua tu. Mbu hawamwoni, kwa hiyo hata chandarua hakuna haja. Nilijisifu kwa mfuko ule nyumba nne za jirani.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia unafanana na nini. Nawalaumu kwa hilo.

Dukani nikapima. Godoro nusu, ratili sita. Blanketi, nne. Turubai la kutandika chini, nne. Mfuko mbili, mto mbili. Jumla kumi na nane, tatu zaidi. Nilipimisha mara ya pili nikiwa nimenyanyua kidogo kwa kidole, mwenye duka akaniona. Nikajiambia nitapunguza njiani.

Kinondoni: lori, mchanga na mtani

Lori lilitupakia alfajiri pamoja na vigingi na minyororo, likaenda vizuri kwa muda wa kumaliza andazi moja. Kisha likazama mchangani. Tulilisukuma, likazama zaidi. Dereva akasema linahitaji kupumzika, akalala chini yake, tena akalala fofofo palepale juu ya mawe, nami nikamtazama kwa wivu mkubwa. Tulikaa pale mpaka jua la saa nane, tukila mihogo ya kuchoma na pilipili kwa mama mmoja aliyefurahi sana kutuona tumekwama.

Hapo ndipo Kondo aliponiuliza kabila langu. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili hakuwahi kuuliza, kwa kuwa mimi huongea Kiswahili cha shule ya misheni.

"Mnyamwezi," nikasema. "Wa Tabora."

Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye ndevu za mvi mbili tatu, aliruka kutoka kwenye lori. "Mnyamwezi! Miaka miwili nakula na mtani wangu kwa adabu! Wazee wako walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, wewe mjukuu wao unapita na godoro! Tena nusu! Nusu nyingine umemwachia nani, mwizi wewe?"

Nikasema, "Asante, Bwana Kondo."

Uso wake ulinywea. Najua mnanicheka. Habari ya utani naijua, nani asiyeijua? Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana wakicheka, na mmoja akichukua kitu cha mwenziwe, aliyechukuliwa hakasiriki wala hadai. Anangoja zamu yake, naye achukue. Lakini mimi nililelewa bwenini kwa mapadri, ambako ukichukua kitu cha mtu unachapwa. Utani niliusikia tu, sikuwahi kuutia mkononi. Kondo aliniambia nyingine tano, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na kila mara nikamjibu kwa heshima. Mwisho akaacha, akaniangalia kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

Kinondoni tulifika jioni, tukapiga kambi kwenye shamba la minazi. Nikatandika godoro langu nusu, na hapo nikajifunza kwamba miguu hailalamiki kwa sababu haijawahi kukatiwa godoro. Ilikuwa chini kwa shubiri nzima kuliko kiwiliwili. Kila nikisinzia, nateleza. Mpaka kunakucha nilikuwa nimeteleza hatua tatu na godoro limebaki juu peke yake.

Mchana ule Kondo alipiga kelele, "Arobaini na mbili!" Nikaandika ishirini na nne. Alikuwa amekuja kunywa maji, akachungulia daftari begani kwangu. Aligonga kalamu kwa kidole mpaka nikaona, nikafuta. Bwana Mpima alikuwa anachungulia darubini yake. Siku ya kwanza tu, na Lindi ilikuwa imeokolewa na kidole cha Kondo.

Kawe: kifo changu

Sasa ndiyo habari mnayoitaka.

Kawe tuliweka kambi karibu na njia ya kwenda mashambani. Nililala macho mpaka majogoo ya kwanza, halafu usingizi ukanichukua ghafla, nikiwa nimevuta kamba ya mfuko mpaka kichwani. Nilikuwa nimelala chali, mikono ubavuni, kwa sababu mfuko ulikuwa mwembamba haukuruhusu mtindo mwingine. Godoro nilikuwa nimeshateleza kutoka juu yake. Fikirini wenyewe: mapambazuko, njia ya watu, na kando ya njia kitu kirefu cheupe cha marekani mpya, kimezibwa huku na kimefungwa kamba kule, kimetulia tuli.

Akina mama wa Kawe walikuwa wanakwenda kuchimba mihogo. Wa kwanza alipiga yowe. Wa pili akasema, "Inna lillahi." Na wa tatu, Bi Chausiku, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, akauliza kwa ukali, "Maiti wa nani huyu? Nani kamvika sanda akamwacha njiani kama mzigo wa kuni?"

Kondo alikuwa anachemsha chai hatua kumi kutoka pale. Angeweza kusema, "Mama, huyo amelala." Neno moja tu. Lakini alikuwa amekaa na mtani asiyetaniwa siku mbili, na Mungu akamletea nafasi. Aliweka birika chini, akaja polepole, akavua kofia.

"Maiti wangu mie," akasema. "Mnyamwezi. Mtani."

"Mnyamwezi!" Bi Chausiku akasema, na sauti ikabadilika palepale. "Mtani wetu sie! Kafaje?"

"Kafa kwa adabu, mama. Kila nikimtukana ananijibu asante. Kimemuua hicho."

Mimi nilikuwa nimeamka kwenye lile yowe la kwanza. Nilitaka kutoka, lakini kamba ilikuwa imejifunga fundo mahali ambapo mikono haifiki. Nikasikia mali yangu inagawanywa. Ndivyo watani wafanyavyo msibani, mnajua, wanadai vitu vya marehemu na kumkejeli mpaka wafiwa wacheke.

"Godoro hili aliniusia mie," Kondo akasema. "Alisema, Kondo, nusu yangu bora ni wewe."

"Na blanketi?"

"Na blanketi. Na mto wenye ua. Alilia sana juu ya mto."

"Muongo!" nikapiga kelele ndani ya mfuko, nikasimama.

Jamani. Sikuona kilichotokea, lakini nilisikia majembe yakianguka na miguu ikikimbia. Nilirukaruka nikitafuta mtu wa kunifungua, na kila nilikoruka yowe lilihamia upande mwingine. Mama mmoja alikwenda moja kwa moja ndani ya bwawa la mpunga. Bwana Mpima alitoka hemani na povu la sabuni shavuni, akaniona, akarudi ndani. Aliyebaki ni Bi Chausiku peke yake. Alikuwa amekaa chini katikati ya njia, hana nguvu kwa kicheko.

Nikasimama mbele ya mahali kicheko kilipo. Sikujua la kufanya, nikafanya nililofunzwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, marehemu."

Alinifungua mwenyewe kwa meno. Kisha akatupeleka kwake, kwa sababu huwezi kumfufua mtu ukamwacha na njaa, akatupa uji wa mchele na samaki wa kukaanga wa jana, na wale waliokimbia wakarudi mmoja mmoja kunigusa mkono kama ni wa moto. Nikala vizuri. Halafu nikaharibu. Nikamgeukia Kondo mbele ya watu wote nikasema, "Bwana Kondo, tafadhali naomba unirudishie vitu vyangu."

Hata kuku waliacha kudonoa.

Bi Chausiku aliweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "unatuaibisha. Mtani haombi. Mtani anachukua."

"Lakini mama, mie nikikosa usingizi nakosa kazi. Nalalaga pale tu penye godoro."

"Basi chukua."

Nikamtazama Kondo. Amekalia godoro langu, ameegemea mto wangu, anatabasamu. Mkono haukunyanyuka, nikabaki nimekaa. Tulipoondoka Kawe, Kondo alibeba mali yangu yote, na mimi nilikuwa na turubai na sanda.

Goba hadi Mbezi: mwepesi na mzito

Njia ya Goba ni ya kupanda na kushuka, na msimu huu mikorosho inadondosha mabibo, kwa hiyo tulitembea huku juisi inatuchuruzika viwikoni. Mimi nilikuwa mwepesi, nikawa napanda vilima naimba. Kondo nyuma yangu alikuwa anahema. Ratili zake tisa, na zangu kumi na mbili juu yake. Alipofika kilele cha tatu alikaa juu ya godoro katikati ya njia.

"Mzigo wa marehemu mzito?" nikamwuliza.

Alinyanyua kichwa haraka. "Umesema nini?"

"Nimeuliza tu."

"Sema tena," akasema, na furaha usoni mwake ilinitia haya.

Asingeweza kunirudishia, mnaelewa. Kurudisha kilichochukuliwa kwa utani ni kusema utani umekwisha. Na mimi sikuwa na uso wa kuchukua. Kwa hiyo alibeba.

Mbezi tulilala siku mbili. Mwenyeji wa pale, mzee mmoja mwenye shamba, alinitengea chumba na kitanda, nikakataa kwa sababu ya masharti ya Bwana Mpima. Mzee akanuna. Alidhani nimedharau nyumba yake, na mkewe akatafuta kunguni kitandani mbele yangu kuonyesha hawapo. Ilibidi nile sahani tatu za mihogo ya nazi ili waamini kwamba nawapenda, na nilipoinuka nilikuwa siwezi kuinama.

Nikaenda kutandika turubai langu juu ya ardhi tupu, na moyo umejaa hofu. Kondo alikuja akanisukuma pembeni.

"Nyie watu wa vitanda," akasema. Akakusanya nyasi kavu za kimo cha viganja viwili, akazipanga. Kabla ya kuweka turubai alinilaza ubavu, akatia alama penye nyonga na penye bega, akachimba vishimo viwili vya kina cha bakuli. "Ardhi haikukosea. Mfupa wako ndio hauna pa kukaa. Upe nyumba yake." Suruali ya kesho aliikunja ikawa mto. Na mfuko wangu aliufumua mshono wa ubavuni, mpaka magoti. "Marehemu apate kugeuka," akasema.

Nililala. Sijui niwaambie vipi. Nililala mpaka Bwana Mpima akanywa chai ya pili. Nyonga imekaa shimoni, bega limekaa shimoni, nyasi zinanukia, na nilipoamka nilitaka kumkumbatia kila mtu, hata yule mzee aliyenuna. Kondo ndiye aliyekuwa na macho mekundu. Aliona vibaya kuwa na godoro asililalie, akawa ameteleza mpaka asubuhi. Siku ya pili vilevile. Namba zangu ziliteremka kwenye daftari zimenyooka kama za kuchapwa mashine.

Kimara: mizani

Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, kuna mnunuzi wa korosho mwenye mizani ya kuning'iniza. Watu walikuwa wengi wanangoja zamu na magunia yao, Wazaramo watupu, wakatupisha ili waone makarani wanavyopimwa.

Wangu kwanza. Ratili sita. Bwana Mpima aligonga mizani akidhani imekwama.

Wa Kondo. Ratili ishirini na moja.

"Kondo," akasema Bwana Mpima kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "unahamia Lindi? Nilisema kumi na tano. Nitachukua mshika mnyororo mwingine."

Neno moja, "si vyangu", lingemtosha Kondo, na hakulisema. Alisimama tu na mikono nyuma, mtu aliyeokoa daftari langu kwa kidole chake na kunichimbia nyonga yangu nyumba. Nikapiga hesabu. Nikisema ni vyangu, narudi kwenye kumi na nane, na Lindi imekwenda. Nikinyamaza, mimi nakwenda na yeye anabaki.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Mzaramo mwizi!" nikapiga kelele. "Unaiba mpaka sandani!" Nikamrukia. Nikang'oa godoro, blanketi na mto, yeye anavuta huku anacheka na machozi yanamtoka. "Haya! Haya, Mnyamwezi! Kumbe unaweza!"

Vyote vilikuwa mikononi mwangu, na Bwana Mpima amenyoosha mkono kuvitia kwenye mizani. Nikavibwaga chini barabarani. Nikawageukia wale watu wa korosho nikasema kwa sauti ya kanisani, "Mie Mnyamwezi wa Tabora. Mali yangu hiyo hapo chini. Nageuka kidogo kutazama ndege."

Nikageuka. Ule mto wa mke wangu uliniuma, nasema kweli, nilitamani kugeuka tena. Nilihesabu mpaka tano. Nilipotazama, palikuwa na vumbi tu, na bibi mmoja kule anavuka barabara na godoro nusu kichwani, anatukana kabila langu kwa furaha.

Kondo alipimwa upya: ratili tisa. Bwana Mpima alivua kofia akajipepea. Kondo akajaribu kumweleza utani ni nini, akachukua muda, na sura ya Bwana Mpima ikawa inazidi kupotea. Mwisho akaniuliza mimi. "Karani. Godoro hakuna. Blanketi hakuna. Miezi sita utalala wapi?"

"Hapa, bwana," nikasema. Nikachimba vishimo viwili kwa kisigino, nikatandika turubai kivulini kwa magunia ya korosho, nikaingia kwenye mfuko wangu, saa sita ya mchana, mbele ya mkutano mzima wa watu. Kilikuwa kitendo cha kuonyesha tu. Nilikusudia kuinuka.

Wanasema Bwana Mpima alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama juu yangu, akatafuta kosa hakuliona. Wanasema alitoa hotuba fupi, watu wakapiga makofi, na ikaletwa chai na vitumbua kwa heshima yangu. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kujua alisema maneno gani aliponipa kazi ya Lindi, mwulizeni Kondo, aliyekuwepo na aliyekula vitumbua vyangu. Mimi nilikuwa nimelala.